Hatua Iitwayo Komeo

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimegundua kipaji changu. Kimechelewa, lakini kimekuja.

Niliitwa ukumbi wa jamii kutengeneza saa ya ukutani. Inakimbia. Dakika nne kila siku! Nikapanda ngazi, nikaifungua mgongo, nikaanza kupuliza vumbi. Chini yangu kikundi cha dansi kilikuwa mazoezini. Rumba. Watu wazima na heshima zao: mama mwoka mikate, seremala na mkewe, karani wa mahakama, wengine siwajui. Nikawatazama utosi mmoja mmoja. Masikini! Huyu mbele ya mdundo, yule nyuma ya mdundo, kama saa kumi na mbili kwenye rafu yangu, kila moja na majira yake.

Mimi ni fundi saa, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Nalala na mapigo, naamka na mapigo. Sekunde ikipita naisikia kwenye meno. Nani katika mji huu anaujua mdundo kuliko mimi?

Anayewafundisha ni mkunga mstaafu, mama wa miaka sabini na kitu, mgongo umenyooka kama rula. Wote wanamwita Mama Mkunga, na nusu yao aliwapokea yeye mwenyewe walipokuja duniani. Hahesabu moja, mbili, tatu. Anasema: pumua, sukuma, pumzika. Pumua, sukuma, pumzika.

Nikashuka ngazi, nikamwambia nataka kujiunga. Akanitazama miguu kwanza, uso baadaye. Akasema ananikumbuka. Ati mimi ndiye yule aliyezaliwa ametanguliza miguu, nikamtoa jasho tangu alfajiri hadi adhuhuri.

Nilitanguliza miguu! Dalili gani tena mtu anataka?

Jumanne, 4 Machi

Nimemwambia mke wangu. Yeye ni karani wa posta. Kutwa anagonga mihuri, na akirudi nyumbani maneno yake nayo hutoka hivyo hivyo: gonga, limekwisha.

Hakucheka. Aliweka kijiko chini taratibu. Akanikumbusha harusi yetu. Nilikanyaga pindo la gauni lake, likachanika hadi magotini, akamaliza sherehe amejifunga kitambaa cha meza. Nikamweleza, kwa mara nyingine, kwamba sakafu ya siku ile haikuwa sawa. Akasema kwenye sakafu hiyo hiyo mjomba wake mwenye goti bovu alicheza mpaka bendi ikaomba radhi.

Tangu siku ile hatujacheza tena. Miaka kumi na tisa. Hatukugombana. Haikutokea tu.

Nikamwuliza kama angependa kuja siku moja. Akasema atakuja siku nitakapojua mguu upi ni wa kushoto.

Najua. Ni ule wenye kiatu kilicholika upande.

Jumatano, 5 Machi

Siku ya kwanza. Sina budi kuandika ukweli, maana shajara hii haisomwi na mtu.

Mama Mkunga amewagawa watu mafungu mawili. Waliokomaa wako katikati ya ukumbi. Wanaoanza wako pembeni, karibu na kabati la mafagio. Akanionyesha kabati.

Mimi!

Nikapangwa na bibi wa miaka themanini na moja. Anatembea kwa mkongojo, lakini muziki ukianza anautundika kwenye kiti na kucheza bila huo. Nimemwita Bibi Mkongojo, naye hakukataa. Akanishika kiunoni, akaniongoza kama mtu anayesukuma kabati la nguo. Nikamwambia kwa adabu kwamba mwanamume ndiye huongoza. Akanijibu, "Ongoza basi, mjukuu wangu, niko nyuma yako." Nikaongoza. Tukagonga ndoo.

Katikati ya ukumbi, wakati huo, alikuwepo mfamasia. Ni mwenye duka la dawa lililo mkabala na karakana yangu. Viatu vya rangi mbili, nyeusi na nyeupe. Anaongea kama karatasi iliyobandikwa kwenye chupa: zoezi hili mara mbili asubuhi, mara mbili jioni, usizidishe. Nimempa jina la Dozi. Kwa siri, humu tu. Dozi akatugeukia mimi na ndoo yangu, akasema kwa sauti ya huruma kwamba kila mtu huanzia mahali fulani.

Huruma! Ningestahimili tusi, lakini si huruma. Damu ikanipanda. Nikasema, na ukumbi mzima ukasikia, kwamba wenzangu wanisamehe, hatua zangu zimewachanganya kwa sababu mimi nilisomea ng'ambo.

Ndoo yenyewe ikanyamaza.

Dozi akauliza nilisomea nini huko. Nikajibu: mapigo. Sikutia neno zaidi. Mtu mwenye elimu hana haja ya maneno mengi.

Mama Mkunga akanitazama miguu tena. Kisha akasema, kama ni hivyo, Jumamosi nisimame katikati na waliokomaa. Siku moja tu pembeni! Wengine, nimesikia, hukaa miezi minane.

Alhamisi, 6 Machi

Nimefanya mazoezi karakanani. Nimefunga mlango, nikasogeza meza ya kazi, nikatumia saa ndefu ya mteja kuwa bendi yangu. Ta, ta, ta, ta. Mapigo safi kabisa. Nilikuwa nikigeuka vizuri mno mpaka pale kiwiko kilipokutana na kioo cha saa hiyo. Kioo kilikuwa dhaifu. Mteja anapaswa kunishukuru kwa kugundua mapema.

Jioni mke wangu amerudi na uso wa muhuri. Bibi Mkongojo alipita posta leo, akampongeza kwa kuolewa na mtu aliyesoma ng'ambo.

Mke wangu akauliza, ng'ambo nimefika lini? Nikamkumbusha yale mafunzo ya saa ya wiki mbili, kabla hatujaoana. Akasema ile ilikuwa ng'ambo ya mto. Akafungua dirisha la jikoni, akanyoosha kidole. Kweli panaonekana. Hata nguo zilizoanikwa zinaonekana.

Nikamwambia ng'ambo ni ng'ambo. Sikutaja ya nini. Mimi si mwongo. Wasikilizaji ndio wenye haraka.

Akafunga dirisha. Akasema njia ya mwongo ni fupi. Nikamwambia hata mto wenyewe si mpana.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya siku!

Nilifika nimevaa suruali ya harusi. Inabana, lakini mtu hujibana kwa ajili ya sanaa. Nikasimama katikati. Tukacheza rumba mbili na sikugonga mtu, au niliowagonga hawakusema. Ndipo Dozi akaomba ruhusa. Akasema kwa kuwa tuna bahati ya kuwa na msomi, si vibaya akatuonyesha hatua moja ya huko.

Wote wakapiga makofi. Wakarudi nyuma, wakaacha duara. Maji yalinifika shingoni, lakini miguu ilikuwa bado mikavu, nikasema twende.

Muziki ukaanza. Nikapiga hatua mbili mbele, za majivuno. Kumbe mtunza ukumbi alikuwa ameipaka sakafu nta asubuhi ile! Kisigino kikateleza. Goti la kulia likashuka mpaka chini, puu. Mkono ukapaa juu wenyewe kutafuta kitu cha kushika. Hakikuwepo. Nikazunguka duara zima juu ya goti, nikainuka sijui kwa nguvu za nani, nikasimama nimeegemea kiti.

Nikasema, "Na hapo ndipo mtu anapumua."

Hakuna aliyepumua. Halafu Bibi Mkongojo akaanza kupiga makofi, na wote wakafuata. Seremala akapiga mluzi! Mama Mkunga akauliza hatua hiyo inaitwaje. Nikainua macho. Mbele yangu palikuwa na dirisha, na dirishani palikuwa na komeo.

Nikasema: Komeo. Lakini nililitamka kwa kulivuta, na sauti nikaitolea puani kidogo, likasikika kama neno lililovuka bahari. Komeeyo.

Laiti mambo yangeishia hapo! Dozi akajitokeza mbele. Akasema Komeo anaijua sana. Ameiona mara nyingi. Ila mimi nimekosea kidogo: goti hushuka kwenye pigo la nne, si la tatu, na macho hutazama kushoto, kwa majonzi.

Kwa majonzi!

Jumapili, 9 Machi

Sijala vizuri. Anaijuaje? Mtu anawezaje kukijua kitu nilichokianguka mimi mwenyewe, jana, saa tisa na nusu, kwa sababu ya nta?

Nimemweleza mke wangu hali ilivyo. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akacheka akiwa amekaa. Akasema waongo wawili wamekutana njia panda na kila mmoja anamuuliza mwenzake njia.

Nimefikiri kutwa. Nimepata jibu. Komeo ipo kweli mahali fulani duniani, na mimi nimeifikia kwa kipaji tu, bila kufundishwa. Hilo ndilo jibu pekee lenye mantiki. Nimekula.

Jumatatu, 10 Machi

Habari mbaya. Katibu wa ukumbi amebandika tangazo mlangoni. Watu wa tenisi ya meza wanautaka ukumbi Jumamosi alasiri, saa yetu! Kamati itakuja Jumamosi hii, itatazama makundi yote mawili, kisha iamue nani anastahili.

Mama Mkunga ametukusanya. Sijawahi kumwona ameshusha mabega. Akasema tukiikosa Jumamosi tumekwisha, maana siku nyingine watu wako kazini. Bibi Mkongojo alikuwa amekaa karibu nami. Akasema, si kwa mtu yeyote hasa, kwamba nyumbani kwake kila akisimama wanamwambia akae, na hapa ndipo mahali pekee wanapomwambia asimame.

Nikatazama saa ya ukutani kwa muda mrefu. Ilikuwa sahihi. Nilitaka tu pa kutazama.

Mama Mkunga akaamua: tutaonyesha Komeo. Jozi kumi na mbili, kwa pamoja. Hakuna kundi lolote mjini lenye hatua hiyo. Kifua kilinijaa. Nikasogea mbele tayari kupewa usukani.

Akampa Dozi. Ati Dozi anajua hesabu zake, pigo la nne na kadhalika, na mimi kazi yangu ni kufuata, kwa kuwa ninayo "kwa hisia".

Nitafundishwa Komeo. Mimi. Komeo yangu mwenyewe. Na mtu ambaye hajawahi kuianguka!

Jumatano, 12 Machi

Siiwezi.

Nimeandika, basi. Siiwezi. Sikumbuki nilifanyaje. Leo hapakuwa na nta. Dozi anasimama mbele na viatu vyake viwili vyenye rangi nne, anatoa maagizo: hatua mbili, teleza, goti, mkono, tazama kushoto, rudia mara tatu kutwa. Wote wanashuka, mimi nimesimama. Wote wanainuka, mimi ndio nashuka. Mara moja nikashuka goti la kushoto na suruali ya harusi ikatoa sauti. Mama mwoka mikate akaniazima aproni yake.

Bibi Mkongojo, miaka themanini na moja, anashuka vizuri! Anatumia mkongojo kwa Komeo tu, na sasa watu wanasema mkongojo unaipendezesha, wengine wanataka yao.

Dozi akanivuta kando. Akanong'ona kwamba nisione haya, hata wasomi husahau. Akanipiga-piga begani. Mara mbili. Usizidishe!

Nimerudi nyumbani nikiwa na uamuzi. Jumamosi huyu mtu hatakuwepo mbele. Nitakuwepo mimi. Njia sijaijua, lakini mkataa pema pabaya panamwita, na Dozi kwa kweli ameitwa.

Alhamisi, 13 Machi

Njia imekuja yenyewe, kwa miguu, ikabisha hodi!

Dozi ameingia karakanani saa nne asubuhi na saa yake ya mkononi. Imeishiwa betri. Akasema angeweza kuipeleka kokote, lakini haamini mkono mwingine ila wangu. Nikamwambia aketi. Nikaweka betri mpya. Nikaufuta uso wa saa kwa kitambaa laini. Nikairudisha nyuma nusu saa.

Fikiria uzuri wake. Saa hii huivaa siku za dansi tu, na simu yake huifungia kwenye droo dukani kila akienda dansi. Anasema simu na rumba haviivi chungu kimoja. Jumamosi yuko nyumbani, simu iko droo. Saa ya ukutani ya nyumbani kwake iko kwangu tangu mwezi jana, inasubiri springi. Mtu huyu hana majira mengine duniani ila niliyomvika mimi mkononi!

Akanishukuru. Akasema Jumamosi hataki kukosea hata dakika moja, kwa ajili ya yule bibi.

Dhamiri ilinichoma. Niliihesabu: sekunde tatu. Kisha ikapoa.

Ijumaa, 14 Machi

Mke wangu ameomba ruhusa kazini. Anakuja kesho kutazama. Nimemwambia ajiandae kuona kitu. Akasema amejiandaa tangu harusi.

Nimeshona suruali.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika yote, tangu mwanzo, maana vizazi vitauliza.

Kamati ilifika saa tisa kamili. Mwenyekiti, bwana mnene mwenye kalamu mbili mfukoni, katibu, na mama mmoja aliyekuwa akitazama dari. Tenisi ya meza ikaanza. Vijana hodari, siwezi kusema uongo. Tak, tok, tak, tok, mapigo mazuri, hata mimi nilisikiliza. Mwenyekiti akatabasamu, akaandika kitu kirefu.

Ikawa zamu yetu. Mama Mkunga akatazama mlango. Akatazama saa. Dozi hayupo. Akatuma mtu nje. Hayupo. Simu ikapigwa, ikalia kwenye droo huko dukani. Katibu akasema kamati haina muda. Mama Mkunga akanigeukia.

"Mwanangu," akasema, "simama mbele. Wote watamfuata fundi."

Nilitembea kwenda mbele kama mtu anayekwenda kupokea cheo. Nilitazama watu wote nyuma yangu wakinikodolea macho. Ndipo, pale pale, mbele ya kamati, nilipokumbuka kitu kimoja nilichokuwa nimekisahau katika mpango wangu wote.

Siijui Komeo!

Mikono ikawa baridi. Nikatafuta komeo la dirisha kwa macho, likanitazama tu. Bibi Mkongojo, mwenzangu, alikuwa amenishika mkono, na nadhani mkono ule ulimwambia kila kitu. Akauachia. Akasema mbele pale panamtaka mtu mwenye magoti mawili. Kisha akageukia benchi la watazamaji, akaita kwa sauti ambayo sikujua anayo.

"Wewe wa posta! Njoo umchukue mtu wako."

Mke wangu akasimama. Akampa bibi mkoba wake. Akaja katikati ya sakafu na sare yake ya kazi, kidole gumba bado kina wino. Akanishika. Nikamnong'oneza kwamba sijui ninachofanya. Miaka kumi na tisa, na sidhani niliwahi kumwambia sentensi hiyo.

Akasema, "Najua. Nishike. Acha kuhesabu."

Muziki ukaanza. Niliacha kuhesabu. Ni vigumu kueleza. Kichwani mwangu huwa kuna saa mia, na zote zilinyamaza. Akaenda kulia, nikaenda. Akarudi, nikarudi. Nyuma yetu walikuwa wakitufuata, nilizisikia nyayo. Alikuwa anatabasamu, lakini si kwa kamati. Nikajiuliza tulikuwa wapi miaka yote hii, na jioni zote zile tulifanya nini.

Wakati najiuliza, nikamkanyaga.

Akavuta mguu. Mimi nikapoteza sakafu. Goti likashuka, puu! Mkono wangu mmoja ukapaa hewani, mwingine umemng'ang'ania yeye. Na watu wote nyuma, ambao walikuwa wameambiwa wamfuate fundi, wakashuka nami pigo lile lile. Wote kwa mpigo mmoja! Madirisha yalitikisika. Kalamu moja ya mwenyekiti ilianguka. Mke wangu akanivuta juu kwa nguvu zake zote, akanizungusha, na nyuma wakainuka wakazunguka, na kwenye benchi Bibi Mkongojo alikuwa anagonga sakafu kwa mkongojo, puu, puu, puu, mkoba wa mke wangu umemning'inia shingoni.

Mwenyekiti alisimama. Yule mama wa dari aliacha dari. Makofi! Katibu akatangaza hapo hapo: Jumamosi ni ya dansi, tenisi ya meza watapewa Ijumaa. Vijana wenyewe wakaja kutushika mikono.

Macho yangu yalilowa. Vumbi la sakafu.

Wakati makofi yanaisha, mlango ukafunguka. Dozi, viatu vinang'aa. Akatazama saa yake. Akatupongeza kwa kuwahi, akasema tuna dakika tano nzima za kupasha mwili moto kabla kamati haijafika.

Mke wangu akatazama saa ya Dozi. Akatazama saa ya ukutani. Akanitazama mimi. Gonga. Limekwisha.

Baadaye Mama Mkunga alimwalika mke wangu ajiunge na waliokomaa, moja kwa moja. Mimi akanirudisha pembeni, kwenye kabati la mafagio. Akasema mtoto aliyetanguliza miguu hugeuzwa taratibu, na ameshafanya kazi hiyo mara moja, ataifanya tena. Nimekubali. Wanaoanza wanahitaji mtu wa kumtazama.

Nyumbani, mke wangu alisema maneno mawili matatu tu. Alisema leo alinionea fahari. Kisha akasema kesho nitakwenda kwa mfamasia kumwambia ukweli, wote, la sivyo nitacheza na ndoo maisha yangu yaliyobaki.

Jumapili, 16 Machi

Nimekwenda. Mimi ni mtu wa neno langu, hasa neno likiwa la mke wangu.

Dozi alinifungulia mlango mwenyewe. Hakuwa na viatu. Amevaa kandambili kama binadamu wengine. Alikuwa amenyong'onyea. Akanikaribisha, akaniletea maji. Nilikuwa nimepanga maneno yangu njia nzima. Nikakohoa. Nikasema, "Ndugu yangu, kuna jambo..."

Akaninyamazisha kwa mkono. Akasema tafadhali, aanze yeye, maana hakufumba jicho.

Akasema hajawahi kuiona Komeo. Popote! Siku ile niliyoionyesha ilikuwa mara yake ya kwanza. Wote walikuwa wananishangilia, akaona haya kuwa yeye, mchezaji wa miaka sita, haijui, na ulimi ukamponyoka. Pigo la nne alilitunga. Macho ya majonzi aliyatunga. Alinifundisha hatua yangu kwa makosa mbele za watu, ndiyo maana ikanishinda, na jana Mungu amemwadhibu: saa yake nzuri, yenye betri mpya, imerudi nyuma nusu saa bila kuguswa na mtu, ikamkosesha siku kubwa kuliko zote. Ameielewa adhabu hiyo. Anaomba radhi.

Nilikunywa maji yote.

Nikafikiri kwa makini sana. Kumwambia nini tena? Mtu ameshaelewana na Mungu wake. Mimi ni nani hata niingie katikati?

Nikamsamehe. Nilisimama kumsamehe, lilihitaji kusimama. Nikamwambia uongo ni kitu kibaya, hata mdogo, na kwamba anayeusema mwenyewe ndiye wa kwanza kuteleza. Alitikisa kichwa kwa uchungu. Alitokwa na machozi kidogo, nami karibu nitokwe, nilivyokuwa nasema vizuri. Kisha nikamrekebishia saa yake, bure. Akasema watu wa aina yangu wamebaki wachache.

Nami naona hivyo.

Nilipofika nyumbani mke wangu aliuliza kama ukweli umesemwa. Nikamjibu umesemwa wote, machozi yamemwagika, na tumeachana kwa kushikana mikono. Akanitazama kwa mshangao. Akanimiminia chai.

Kitu kimoja sikumwambia. Nilipokuwa naaga, Dozi aliniuliza kwa unyenyekevu kama Komeo ni hatua ya peke yake au ina ndugu zake. Nikamwambia ziko saba, na ya pili nitamwonyesha Jumatano. Nimesogeza meza ya karakana. Nimenunua nta.